Mafungu 168: mirathi ya baba ilivyotupitisha

Baba alifariki mwaka 2021 na aliacha wosia. Natanguliza hilo kwa sababu kila ninapowasimulia watu jinsi mirathi yetu ilivyotutoa jasho, jibu la kwanza huwa, "Kumbe mzee hakuandika." Aliandika. Aliandika kwa mkono wake, ule mwandiko wa kulala wa makarani wa zamani, kwenye daftari la jalada gumu alilokuwa akiwekea hesabu za shamba. Tulilikuta ndani ya mkoba wake wa ngozi siku chache baada ya maziko. Maneno yenyewe hayakujaza hata nusu ukurasa: "Nyumba ya Ngamiani ni ya mama yenu, asisumbuliwe. Shamba la michungwa la Muheza apewe yule mtoto. Mengine mgawane kwa sheria ya dini." Chini yake saini na tarehe ya miaka kadhaa nyuma.

Shahidi hakuna hata mmoja. Na "yule mtoto" hana jina.

Sisi tulimjua. Baba alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa huko Muheza, wakati huo yuko shule ya msingi. Mama alijua pia, na walishamalizana na baba zamani kwa namna yao. Nyumbani kwetu hakutajwa mezani, lakini baba alikuwa akimlipia ada na kila mtu alijua ada inatoka wapi.

Tuko watoto watano wa mama mmoja: kaka yetu mkubwa anafanya kazi Muscat, mimi, wadogo zangu wawili wa kike, na kitinda mimba wa kiume. Baba alikuwa mtumishi wa bandari ya Tanga mpaka alipostaafu. Mali zake si za kutisha. Nyumba, lile shamba, kiwanja Pongwe chenye karatasi ya mauziano tu, akaunti moja benki, akiba kidogo kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo), pikipiki. Wengi hudhani mirathi ni habari ya matajiri. Tajiri ana wakili tangu yuko hai. Sisi wa nyumba moja na kiwanja ndio tunaofikia hatua ya kukutana msikitini na kupeana mgongo.

Kuna jambo la kwanza ambalo familia nyingi za Kiislamu hazilihesabu, nalo ni eda, muda wa mjane kukaa nyumbani baada ya kufiwa. Mama aliingia eda ya miezi minne na siku kumi. Ndani ya muda huo huo ndipo shughuli zote zinapotakiwa kuanza: cheti cha kifo, kikao cha familia, mahakama, benki. Anayejua karatasi ziko wapi ni mjane, na mjane ndiye asiyetakiwa kuzunguka maofisini. Kwa hiyo mtu mwingine ndiye azunguke, na mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa kaka yuko Oman na hawa wengine mmoja ana mtoto mchanga, mmoja yuko chuoni, na kitinda mimba hata kitambulisho cha taifa alikuwa bado hajakipata.

Wazee wakasema tusubiri arobaini. Ilipopita arobaini wakasema tumsubiri kaka apate likizo. Nikamuuliza sheikh wa mtaani kwetu kama kuna andiko linalotaka mirathi isubiri arobaini, akacheka, akasema dini inahimiza madeni ya marehemu yalipwe na haki za watu zitolewe mapema, hiyo arobaini ni mazoea yetu tu. Ila hakusimama kulisema mbele ya wazee, na mimi nani wa kusimama. Tukasubiri.

Wakati tunasubiri, binamu yetu mmoja aliyekuwa na namba ya siri ya kadi ya benki ya baba alishatoa pesa. Alitoa siku ya pili ya msiba, kwa nia njema kabisa, kulipia turubai, wali na usafiri wa ndugu kutoka Pangani. "Tutoe kabla benki hawajajua." Sentensi hiyo utaisikia katika kila msiba. Kilichotuokoa ni kwamba mdogo wangu ana tabia ya kuweka risiti. Gharama za mazishi ndizo za kwanza kutoka kwenye mali ya marehemu, kwa hiyo mbele ya hakimu tuliweza kuonyesha kila shilingi ilikwenda wapi. Bila zile risiti, baba mdogo alikuwa ameshaanza kusema watoto wamefyonza akaunti. Nawashauri: mkiweza, changeni msiba kwa michango ya watu na muache akaunti ya marehemu ilivyo. Mkishatoa, wekeni risiti zote kwenye bahasha moja na mtu mmoja.

Cheti cha kifo ni kazi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na unakipata kwa kupeleka karatasi ya hospitali kwenye ofisi ya wilaya. Hapo hatukusumbuka. Tulisumbuka na jina. Kitambulisho cha taifa kinasema Athumani. Benki wameandika Othman. Karatasi ya mauziano ya Pongwe, iliyoandikwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa kalamu ya bluu, inasema Asumani. Mtu mmoja, majina matatu, na kila ofisi inataka jina lake. Ilibidi tuape mbele ya wakili kwamba wote watatu ni marehemu mmoja, na kiapo hicho tukakitolea kopi mpaka tukachoka. Ukimaliza kusoma hapa, mwombe mzazi wako akuonyeshe kitambulisho, kadi ya benki na karatasi ya kiwanja, uvipange pamoja uone kama vinafanana. Akiwa hai anarekebisha mwenyewe kwa siku chache.

Kikao cha familia kilikaa kaka alipopata likizo. Kikao hiki si cha kugawa mali, ingawa kila aliyekuja alidhani ndicho. Kazi yake ni kuwataja warithi na kupendekeza msimamizi wa mirathi, kisha muhtasari wake unasainiwa na wote waliohudhuria na unapelekwa mahakamani. Nilipopendekezwa, yule mkubwa kati ya baba zetu wadogo wawili akauliza, "Msimamizi mwanamke? Na wanaume wapo?" Mama, aliyekuwa amekaa chumbani mlango wazi, akajibu kutoka huko ndani: "Shemeji, huyo ndiye anayejua kusoma risiti." Watu wakacheka na jambo likaisha. Sheria haimkatazi mwanamke kuwa msimamizi. Inataka mtu mwaminifu mwenye maslahi na mirathi ile. Na msimamizi si mrithi mkuu. Ni mtumwa wa wengine: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu.

Pingamizi lingine lilikuwa la wapi tufungue. Baba mdogo alitaka Muheza kwa sababu shamba liko huko na anafahamiana na watu. Shauri la mirathi hufunguliwa mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, na baba alikuwa mkazi wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Tukafungua Mahakama ya Mwanzo Tanga. Kwa sisi wa Bara, Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayoshika mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila. Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi. Huku kwetu kadhi na masheikh wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, wanasaidia sana kukokotoa na kusuluhisha, lakini barua ya kwenda benki inatoka kwa hakimu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kama watu wanavyoutisha. Fomu Na. 1 ni ya maombi. Unaambatanisha cheti cha kifo na muhtasari. Mahakama inabandika tangazo ili mwenye pingamizi au anayemdai marehemu ajitokeze. Siku ya kusikilizwa, warithi wanafika, hakimu anauliza maswali, unasaini ahadi ya kusimamia kwa uaminifu. Ukiteuliwa unapewa Fomu Na. 4, na hiyo ndiyo kitambulisho chako kila ofisi. Kuanzia hapo una miezi minne ya kuwasilisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni yote, na mwisho Fomu Na. 6, hesabu ya nani kapata nini. Ada za mahakama ni ndogo. Zinazomaliza pesa ni nauli, kopi, tangazo la gazetini, kiapo, na siku za kazi unazopoteza. Mimi nilikuwa na biashara ya kushona sare za shule, na msimu mzima wa Januari nilikosa oda.

Tangazo lilileta mtu ambaye hatukumtarajia. Alikuja na karatasi yenye muhuri ikionyesha kwamba baba alishamuuzia nusu ya kiwanja cha Pongwe. Nakala ya baba haikuwemo mkobani. Tukaenda serikali ya mtaa, tukakuta ni kweli. Kiwanja kikawa nusu.

Sasa nije kwenye mafungu. Sheikh alikuja nyumbani jioni baada ya Alasiri, akaomba karatasi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi safi akageuza nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Akauliza nani yupo. Mjane mmoja. Watoto wawili wa kiume, watatu wa kike. "Mama mzazi wa marehemu?" Tukasema bibi yupo, yuko Pangani. Akaandika. Mjane, kwa kuwa marehemu ana watoto, thumni, yaani moja ya nane. Mama wa marehemu, sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Akapiga hesabu zake kimya kimya, akaandika 168 na kuizungushia duara. Mafungu 168: mama 21, bibi 28, kila mtoto wa kiume 34, kila wa kike 17.

Mama alikuwa ameshatoka eda, amekaa mkekani na sisi. Alitazama zile namba akasema taratibu, "Mimi niliyeishi naye miaka yote hii 21, na Bi mkubwa 28?" Hakumaanisha ubaya kwa mama mkwe wake, walipendana. Lakini nyumba ile alishiriki kuijenga. Alikuwa akichukua khanga na vitenge Mombasa, akivuka navyo mpakani Horohoro, na fedha ile ndiyo iliyoezeka. Suala la mwanamke kupata nusu ya mwanamume sitalijadili hapa. Sisi wanawake wa nyumba ile tulilipokea kama sehemu ya dini yetu. Ila hili la mama lilinikaa kooni.

Sheikh akaweka kalamu chini. Akasema, "Subirini. Kabla ya mafungu kuna tirika, na tirika ni mali ya marehemu peke yake. Kama mama alitia fedha zake kwenye nyumba hii, hiyo si mirathi, ni mali yake. Mnao ushahidi?" Mama akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na daftari la upatu na risiti mbili za duka la vifaa vya ujenzi, za mabati na mbao, zote zimeandikwa jina lake. Wino ulikuwa umepauka lakini unasomeka. Tukakubaliana kwamba nusu ya nyumba ni ya mama tangu mwanzo, haiingii kwenye mafungu, na nusu nyingine ndiyo igawanywe. Jambo hilo likaandikwa kwenye muhtasari na kusainiwa. Naomba wanawake wanaosoma hapa walisikie: risiti iandikwe jina lako. Wala humkosei heshima mumeo. Fundi, duka, kiwanja, chochote unachochangia, jina lako liwepo na karatasi uitunze wewe.

Kuhusu daftari la baba, sheikh alikuwa muungwana lakini hakuzunguka. Nyumba kumuusia mama: mama ni mrithi, na mrithi hausiwi ila warithi wengine wote waridhie. Shamba la yule mtoto: mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba kwa sheria yetu, kwa hiyo wasia kwake unawezekana, alimradi usizidi theluthi ya mali baada ya madeni. Shamba halikufika theluthi. Tatizo ni ushahidi: hakuna mashahidi wawili, hakuna jina. Mwandiko tuliutambua sote, lakini mrithi mmoja akikataa, anaweza kukataa.

Sisi watoto watano tuliridhia yote mawili papo hapo, kaka akiwa hewani kwa simu kutoka Muscat. Mama kuhusu yule mtoto alisema neno moja tu, "Apewe." Akabaki bibi. Tulimpigia, shangazi akamshikia simu sikioni, akasema nyumba ni ya mkwewe, haitaki, na mjukuu wake wa Muheza asinyimwe. Tulifurahi, tukanywa chai. Hakuna aliyepanda gari kwenda Pangani kuchukua alama ya dole gumba.

Bibi akafariki kabla hatujagawa chochote.

Watu wengi hawajui kinachotokea hapo. Fungu la bibi halirudi kwetu. Alikuwa ameshalirithi tangu dakika mwanawe alipokata roho, kwa hiyo linakuwa mali ya bibi, na linagawanywa kwa warithi wa bibi: baba wadogo wawili na shangazi. Sisi wajukuu, kwa kuwa watoto wa kiume wa bibi wapo hai, hatupati kitu upande huo. Mirathi ndani ya mirathi. Sheikh akarudi na kalenda yake. Mafungu 28 hayagawanyiki kwa watano, akazidisha yote mara tano, 168 ikawa 840. Mama 105, baba wadogo 56 kila mmoja, shangazi 28, sisi wa kike 85, wa kiume 170. Watu watatu ambao hawakuwa warithi wa baba walipokuwa wanachimba kaburi lake sasa wana sehemu kwenye nyumba anayolala mama yetu, na ridhaa inayotakiwa kwa ajili ya wosia ni yao.

Baba mdogo mkubwa akasema hakumsikia mama yake akisema lolote kwenye simu. Hilo lilikuwa kweli, hakuwepo. Shangazi alikuwepo, ndiye aliyeshika simu, na alisema hivyo mbele ya kaka zake, jambo ambalo najua lilimgharimu, maana wao ndio wanaomtunza. Lakini shahidi mmoja.

Miezi iliyofuata sitaki kuieleza yote. Kulikuwa na maneno ya "watoto wa mjini", kulikuwa na arusi ya ndugu ambayo hatukualikwa. Kaka alitaka kwenda mbele kwa sheria, akaanza kuulizia mawakili. Mama akamwambia hataki kuishi kwenye nyumba iliyoshindwa mahakamani na shemeji zake. Hakimu naye alitupa nafasi ya kusuluhishana kabla hajatoa uamuzi, na muda wa Fomu Na. 5 tukauomba uongezwe, akauongeza. Hilo mlijue: ukiona miezi minne haitoshi, unaomba kabla haijaisha, unaeleza sababu.

Tulimaliza kwa mabadilishano. Dini inaruhusu mrithi atoke kwenye sehemu yake kwa kupewa kitu kingine anachoridhia. Baba wadogo na shangazi walipewa nusu ya kiwanja cha Pongwe iliyobaki pamoja na pikipiki, wakatoka kwenye nyumba, na wakatia saini kwamba shamba la Muheza liende kwa yule mtoto kama marehemu alivyotaka. Sisi watoto tukamwachia mama sehemu zetu za nyumba. Kaka alituma ridhaa yake iliyothibitishwa ubalozini Muscat, kwa sababu safari hii simu hatukuiamini tena. Fedha za benki ziliingizwa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, madeni ya baba yakalipwa, zilizobaki zikagawanywa kwa 840. Fungu langu la fedha halikufidia hata ile Januari ya sare za shule.

Kwenye SACCOS kulizuka kajambo kadogo. Baba alikuwa amemwandika kitinda mimba kwenye ile sehemu ya "mrithi" ya fomu ya uanachama, na kijana akajua ni zake. Sheikh akamweleza kwamba kwa dini aliyeandikwa pale ni mpokeaji tu, anapokea kwa niaba ya wote. Alinuna wiki nzima. Waelezeni watoto wenu mapema mnapowaandika kwenye hizo fomu.

Najiuliza mara nyingi baba angefanya nini tofauti, na jibu linaniuma kwa sababu ni dogo. Kwa mama, angempa hiba. Yaani angemgawia sehemu yake ya nyumba akiwa hai, akabidhi kwelikweli, akabadilisha jina ardhi. Ukimwambia mtu "utachukua nikifa", huo ni wosia na unarudi kwenye ridhaa ya warithi. Ukimpa leo akapokea leo, hiyo ni zawadi na mirathi haiigusi. Kwa mtoto wa Muheza, wosia ule ule wa sentensi moja, wenye jina kamili la mtoto, mipaka ya shamba, na mashahidi wawili wasio na sehemu ndani yake. RITA wanaandika na kuhifadhi wosia. Unaweka huko, unamwambia mtu mmoja unayemwamini kwamba upo. Na ile karatasi ya kuuza nusu ya Pongwe angeiweka mkobani pamoja na nyingine.

Jirani yangu Mkristo aliyekuwa akifuatilia kisa chetu alikuwa akisema, "Ninyi angalau mna hesabu." Ana hoja. Kwa upande wa mila, tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, ambalo halijafutwa, linasema mjane hana sehemu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na kwamba sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania ilivunja haki za wajane wawili waliotolewa majumbani kwa sheria hiyo. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi ili kujua sheria gani itumike, na ukoo ukisema "huyu alikuwa mtu wa mila" mnaingia kwenye mabishano ya mtu ambaye hayupo kujibu. Mkristo mwenye mke na nyumba asiye na wosia anamwachia mkewe ubishi huo. Kwao wosia hauna kikomo cha theluthi, kwa hiyo anaweza kumwandikia mke nyumba nzima, mradi ashuhudiwe ipasavyo.

Hakimu alipokea Fomu Na. 6 na kufunga shauri. Nilidhani tumemaliza. Nilipopeleka nakala ardhi, karani akanionyesha kwamba hati ya Ngamiani bado ina jina la baba, na mahakama haibadilishi jina kwenye hati. Kwanza inasajiliwa kwa jina langu kama msimamizi, halafu mimi ndiye ninayehamisha kwenda kwa mama, na kila hatua ina fomu na ada yake, na kodi ya ardhi iliyokuwa inadaiwa lazima ilipwe kwanza. Hatua ya kwanza imekamilika. Ya pili iko mezani kwao. Shamba la Muheza halina hati, kwa hiyo huko tumeandikishana serikali ya kijiji mbele ya majirani wa mipaka, mama wa yule mtoto akisaini kama mlezi mpaka afike miaka 18, na jina la mtoto tumeliandika yote matatu, kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.